Pembe ya Pofu

Pelagia alijua kuwa ile pembe haikuwa ya ng'ombe hata kabla hajainama. Ilikuwa imelala chini ya mgunga, nusu imefukiwa na vumbi, imenyooka kama mpini wa jembe, na mwilini mwake mlikuwa na msokoto kama wa kamba iliyosukwa na mtu mwenye mikono ya nguvu. Ng'ombe wa Usukuma hawaoti pembe za namna hiyo. Mnyama mwenyewe alikuwa hapohapo, amelala kwa ubavu, mifupa yote mahali pake, pembe ya pili bado imeng'ang'ania fuvu. Pofu, yule mkubwa kuliko swala wote. Alikuja pale, akalala, hakuinuka tena.

Pelagia alisimama na kiroba chake begani, akageuka kumtafuta mumewe.

Masele alikuwa kama hatua mia mbili kutoka pale, amechuchumaa. Alikuwa amechuchumaa muda mrefu mno kwa mtu anayeokota mifupa. Pelagia akaiacha ile pembe, akamwendea.

"Ni nani?" aliuliza.

"Sabasaba."

Hakuhitaji kuuliza amemjuaje. Pembe ya kushoto ya maksai yule ilikuwa imekatwa ncha ili asimchome mwenzake kwenye nira, na aliyeikata ni Masele mwenyewe, kwa msumeno wa kuazima. Mkato ulikuwa bado unaonekana. Ng'ombe thelathini na mmoja walikufa katika ukame ule, wengine zizini, wengine njiani, na hawa wa mwisho huku, ng'ambo ya vigingi vya hifadhi, walikoswagwa kufuata dimbwi ambalo nalo lilikuwa tope kavu walipofika.

"Huyu tumwache," alisema Masele.

"Baba Flora, mifupa haina majina."

"Huu unalo."

Jua lilikuwa limeshapanda, na maji kwenye dumu yalikuwa yamebaki ya kulowesha midomo tu. Akapiga magoti, akaitikisa pembe ya Sabasaba hadi ikachomoka kwenye kiini chake, akaitia kwenye kiroba. Kisha mbavu. Kisha paja. Masele aliinuka akaenda zake bila kugeuka nyuma. Hakumzuia. Na hilo ndilo lililokuwa likimchosha Pelagia kuliko mzigo wowote, kwamba tangu zizi libaki tupu, mumewe hakumzuia wala kumwamuru jambo lolote. Ukimwambia twende, anakwenda. Ukimwambia kula, anakula.

Wakati wa kurudi alipita tena chini ya mgunga. Tajiri aliyekuja na Fuso kununua mifupa alilipa pembe bei nzuri kuliko mifupa, na hii ilikuwa nzito. Mtu aliyechoka hawazi mbali. Anaona kilicho mbele ya miguu yake, anakipima kwa sado za mahindi. Pelagia alijiambia kuwa pofu huyu hakuuawa na mtu, kiu ndiyo iliyomuua, na nani atakuja kuuliza habari za pembe ya mnyama aliyekufa kwa kiu? Aliitumbukiza chini kabisa ya kiroba, akaifunika kwa mifupa ya Sabasaba.

Hakumwambia Masele.

*

Siku ya mnada wa Mwamapalala, Fuso la Joakim, yule tajiri wa mifupa, liliegeshwa kando ya barabara, mbali kidogo na wauza mitumba kwa sababu ya harufu. Mzani ulining'inizwa kwenye nguzo tatu zilizofungwa pamoja. Watu walikuwa kwenye foleni na viroba vyao, wengi wanawake, na wachache wanaume ambao walisimama wakitazama pembeni, kama waliokuja kumsubiri mtu mwingine. Masele alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameishikilia baiskeli, viroba viwili vimefungwa nyuma kwa mpira. Zamani mnada huu aliuingilia upande mwingine, upande wa mifugo, na watu walimwita mzee Masele kabla hajawafikia.

"Mwangaluka, baba," alimsalimu kijana mmoja wa jirani, naye anaburuta kiroba.

"Mwangaluka," alijibu Masele, akatazama matairi ya Fuso.

Gari la askari wa wanyamapori lilikuja taratibu, bila fujo. Walishuka watatu. Mkubwa wao, aliyeitwa afande Marcelo, alimsalimia Joakim kwa mkono, akasema wamepata taarifa kuwa watu wanavuka vigingi, kwa hiyo watakagua kidogo, hakuna haja ya mtu kukimbia. Pelagia alitazama viroba nyuma ya baiskeli. Kiroba cha kwanza kilimwagwa chini, cha pili, cha tatu. Mifupa ya ng'ombe, mifupa ya mbuzi, fuvu la punda. Watu walikuwa wakizikusanya tena mali zao kwa magoti, wakifuta vumbi, kana kwamba vumbi lina tofauti yoyote kwa mfupa.

Kilipomwagwa kiroba chake, ile pembe ilitoka mwisho, ikabingirika hadi miguuni mwa Marcelo. Mtoto aliyekuwa akiuza karanga alisogea kuitazama.

"Kiroba hiki ni cha nani?" aliuliza Marcelo.

Pelagia alifungua kinywa. Baadaye, kwa majuma mengi, angejiapia mwenyewe kuwa alikuwa amekifungua ili aseme. Lakini kabla sauti haijatoka, Masele aliitazama ile pembe, akamtazama mkewe, si kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama saa ukutani.

"Changu mimi," alisema.

"Unajua hii ni nini, mzee?"

"Pembe."

"Ni nyara ya Serikali. Una kibali?"

"Sina."

"Umeitoa wapi?"

"Porini."

Marcelo aliguna. Hakuwa na furaha ya mtu aliyemkamata mwizi. Alionekana kama mtu aliyetarajia kumaliza kazi mapema akale chakula cha mchana. "Panda gari, mzee. Viatu vaa vizuri, safari ina mashimo."

Masele alimkabidhi Pelagia baiskeli. Alimwonyesha kwa kidole tairi la nyuma, kwamba linavuja, alijaze upepo kabla ya mlima. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake. Akapanda, gari likaondoka.

Pelagia alisimama pale amezungukwa na mifupa. Watu walimpisha kama wanavyompisha mfiwa. Joakim akakohoa.

"Mama, mimi mambo ya pori simo, unaelewa. Mzee wako mwenyewe kaongea mbele za watu." Akatazama foleni. "Sasa hii iliyobaki, nipime au unaondoka nayo?"

Vumbi la gari lilikuwa bado halijatua.

"Pima," alisema Pelagia.

*

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, bibi Esteria, ameketi kwenye kigoda anachambua nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. Habari ilikuwa imeshafika. Katika nchi ile habari mbaya haihitaji baiskeli.

"Ni kweli?" aliuliza kikongwe.

"Ni kweli, mayu."

"Pembe ya mnyama wa Serikali?"

"Ndiyo."

Bibi Esteria aliweka ungo chini. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini masikio yake yalikuwa mazima, na alikuwa mwanamke aliyeongoza jumuiya ya kanisa kwa miaka ishirini bila kukosa Jumapili hata moja. "Sikuzaa mwizi," alisema. "Baba yake alikufa bila kudaiwa hata yai. Mwanangu ng'ombe wameisha, akili nayo imeisha. Anakwenda kuiba vitu vya pori kama mtu asiye na kwao."

Pelagia aliingia jikoni, akawasha moto. Alitia mahindi aliyonunua kwa ile mifupa kwenye chungu, na moshi ukampa sababu ya kufuta macho.

Jioni alimpigia simu binti yake Flora, aliyeolewa na mchuuzi wa dagaa kule Lamadi. Kwa Flora alisema ukweli wote, kwa haraka, kabla salio halijaisha. Upande wa pili zilisikika sauti za soko, kisha Flora akasema polepole, "Mama, nyamaza hivyohivyo."

"Nitanyamazaje?"

"Baba ameshasema ni yake. Ukienda kusema ni yako hawatamtoa, watawaweka wote wawili. Bibi atabaki na nani? Baba amefanya hivyo kwa akili zake timamu, mama. Usiharibu."

Kila siku tangu hapo bibi Esteria alirudia yaleyale. Alimlaani mwanawe wakati wa kula, alimwombea wakati wa kulala, na asubuhi akaanza kumlaani upya. Alikataa kwenda kanisani. Mwenyekiti wa jumuiya alipokuja kumjulia hali, alimwambia kwa sauti ambayo Pelagia aliisikia hadi uani: "Niombeeni mimi. Yule mwacheni Serikali imfunze." Pelagia alikuwa anamenya viazi. Alimenya hadi kiazi kikaisha mkononi.

*

Siku ya tisa alipata ruhusa ya kumwona. Alitoka alfajiri, akashuka Bariadi mjini saa nne, mguu mmoja umevimba. Mlangoni mwa mahabusu askari alimwambia avue katambuga zake, zilikuwa na tope, sakafu imepigwa deki. Akaingia pekupeku na kifurushi cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kifurushi nacho kikafunguliwa, kikachokonolewa kwa peni.

Masele aliletwa akaketi ng'ambo ya meza. Alikuwa amenyolewa. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko alivyokumbuka.

Pelagia alianza kwa Kisukuma, kama walivyoongea maisha yao yote, lakini hakumaliza sentensi moja.

"Semeni Kiswahili," alisema askari aliyesimama ukutani. "Tuelewe wote."

Wakatazamana. Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni na kanisani. Walikuwa hawajawahi kukitumia wao kwa wao, hata siku moja, na sasa kila neno lilitoka limevaa nguo ya kuazima.

"Habari za hapa?" aliuliza Pelagia.

"Nzuri. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Mvua imeanza kidogo."

"Mmepanda?"

"Bado. Mbegu za pamba zimekuja, nimechukua."

"Mama hajambo?"

Pelagia alikisukuma kifurushi mbele ya mumewe. "Anasema hakuzaa mwizi," alisema hatimaye.

Masele alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo tayari alikuwa anaijua. "Mwache aseme. Ana haki."

"Hana. Wewe unajua hana." Alishusha sauti. "Kwa nini ulisema vile?"

Mume wake alitazama mikono yake mezani. Askari alikuwa anatazama simu.

"Ng'wana Nkwabi," alisema, na hilo tu ndilo lililokuwa la nyumbani, jina la baba yake Pelagia, ambalo alimwitia tangu alipomwoa. "Mimi kule nyumbani nilikuwa nafanya nini? Ng'ombe hawapo. Asubuhi naamka nakaa. Jioni naingia nalala. Wewe ndiye unajua chakula kinatoka wapi, mama anaumwa wapi, mbegu zinagawiwa lini. Kama mmoja lazima akae ndani, akae yule ambaye hakuna kazi itakayolala akikosekana."

"Usiseme hivyo."

"Ni hesabu tu. Siyo kitu kingine."

"Muda umekwisha," alisema askari.

Masele aliinuka kabla hajaambiwa. Alikuwa ameshazoea haraka kiasi hicho, na Pelagia alipoliona hilo aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya mnada. Mumewe hakuwa anateseka mle ndani. Alikuwa anapumzika, kama mzigo uliotuliwa njiani ambao hakuna anayekusudia kurudi kuuchukua.

*

Alifika nyumbani magharibi. Bibi Esteria alikuwa ukumbini, hajala.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mayu."

"Ametubu?"

Pelagia aliketi chini mbele yake, miguu ameikunja upande mmoja, kama anavyoketi mkwe mbele ya mama mkwe wake. Alikuwa amechoka kiasi kwamba uongo ulikuwa mzito kuubeba tena.

"Pembe niliiokota mimi," alisema. "Yeye hakuijua. Aliiona pale mnadani kama walivyoiona wengine."

Kikongwe aligeuza sikio upande wake.

"Ulijua siyo ya ng'ombe?"

"Nilijua."

"Na ulikuwepo aliposema ni yake?"

"Nilikuwa karibu kama nilivyo karibu na wewe."

Jogoo alipita mlangoni, akachungulia ndani, akaondoka. Bibi Esteria alipapasa fimbo yake, na Pelagia akadhani atapigwa, akainamisha kichwa.

"Mnyama gani?"

"Pofu."

"Aliuawa na nini?"

"Kiu. Kama wetu."

Kikongwe alipumua kwa muda mrefu. Kisha alianza kulia, bila sauti, mdomo wazi, na machozi yakafuata makunyanzi hadi kidevuni. "Siku tisa," alisema. "Siku tisa namlaani mtoto wangu, na wewe unanipakulia ugali unasikiliza." Alijipangusa kidevu. "Mimi siwezi kukuambia nenda. Ukienda nitalala njaa. Siwezi pia kukuambia kaa. Fanya unavyoona. Ila mimi ugali wako usinipakulie tena mpaka jambo hili limekaa sawa."

Na hakula. Asubuhi sahani ya jioni ilikuwa palepale, nzi juu yake.

Pelagia alipanda pamba siku mbili mfululizo, peke yake, kwa jembe la mkono, mistari ikienda kombo. Siku ya tatu alimwomba mke wa jirani amwangalie kikongwe, akajifunga kanga mbili, akaondoka.

*

Wakili wa Serikali aliyekuwa na jalada lile alikuwa mwanamke kijana, Lucy, mwenye mafua na mafaili mengi. Alimsikiliza Pelagia bila kumkatiza, akipangusa pua.

"Mama, unaelewa unachokisema?"

"Naelewa."

"Nikiandika haya, hutoki hapa leo."

"Ndiyo maana nimekuja na kanga mbili."

"Kwa nini hukusema siku ileile?"

"Niliogopa."

"Na leo huogopi?"

"Naogopa."

Lucy alimtazama, kisha akaagiza mshtakiwa aletwe. Masele alipomwona mkewe ameketi pale alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu ukame Pelagia aliona hasira usoni mwake.

"Huyu mwanamke anaumwa," alisema Masele. "Ana homa. Msimsikilize."

"Sina homa."

"Nimesema ni pembe yangu! Nimeweka dole gumba. Nyinyi mnataka nini tena?"

"Anasema uongo," alisema Pelagia. "Hajui hata ilikuwa wapi."

"Kimya wewe! Rudi nyumbani!"

"Sirudi."

Walibishana pale mbele ya mafaili, kila mmoja akiugombea mzigo, na mara hii lugha iliteleza yenyewe ikawa Kisukuma, haraka, kwa sauti ya juu, na hakuna aliyewazuia. Karani alisimama na kikombe chake cha chai mkononi. Lucy aligonga meza kwa kalamu.

"Mzee. Pembe uliikuta chini ya mti gani?"

Masele alisita. "Mkwaju."

"Mama?"

"Mgunga. Tawi moja limevunjika, limegusa chini. Mnyama yupo hapo bado, mzima, hakuna mfupa uliokatwa. Pembe ya pili iko kichwani mwake. Niliivuta ikakataa."

Lucy aliandika kwa muda mrefu. Kisha alimpigia simu Marcelo. Siku mbili baadaye Marcelo alikwenda na wenzake hadi kwenye mgunga wenye tawi lililovunjika, akapiga picha za fuvu na pembe yake moja, za mbavu ambazo hazikuguswa na kisu, za dimbwi lililokauka hatua chache kutoka pale. Aliandika ripoti ya ukurasa mmoja. Watu walisema baadaye kuwa aliiandika vizuri.

Pelagia alikaa mahabusu siku kumi na tisa. Alilala kati ya msichana aliyemwagia mwenzake uji wa moto na mwanamke wa Maswa aliyeuza gongo. Masele alitoka siku ya nne, na hakuja kumwona. Pelagia alimhesabia siku, akamsamehe, akaacha kumsamehe, akachoka na vyote viwili.

Kesi yenyewe haikuchukua saa nzima. Lucy alisimama akasema upande wa mashtaka hauna nia ya kuendelea na shtaka la nyara, ila mshtakiwa anasomewa shtaka la kuingia kwenye hifadhi bila kibali. Hakimu, mwanamume mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli."

"Ulifuata nini?"

"Mifupa ya ng'ombe wetu."

Hakimu aliandika. Alisema sheria haiangalii njaa, ila mahakama ina macho. Alisema mengine ambayo Pelagia hakuyashika, kwa sababu alikuwa akitafuta kwa macho kama kuna mtu wake kwenye mabenchi. Hakukuwa na mtu. Hukumu ilikuwa miezi sita ya huduma kwa jamii, kufagia na kudeki zahanati ya kata, kila siku isipokuwa Jumapili, chini ya usimamizi wa mganga.

*

Alianza Jumatatu. Mganga wa zahanati, bwana Fredrick, alimpa ufagio, ndoo na dekio, akamwonyesha wodi ya wazazi na vyoo, akamwambia kwa adabu kuwa asichanganye matambara. Wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi walikuwa majirani zake. Wengine walimsalimia na wengine walijifanya wanasoma mabango ya chanjo, hata wasiojua kusoma. Mwanamke mmoja aliyeimba naye kwaya aliinua miguu ili apitishe ufagio chini yake, akamwambia, "Pole, mama Flora," na Pelagia hakujua ni pole ya kazi au ya jina lililochafuka.

Nyumbani Masele alikuwa hamsemeshi ila kwa nadra. Tangu alipotoka alikuwa haongei na watu, ila alikuwa akifanya kazi. Pelagia aliporudi kutoka mahakamani alikuta mistari yake ya pamba iliyokwenda kombo imepaliliwa, na mingine minane mipya imepandwa, imenyooka. Alikuta pipa lina maji. Bibi Esteria alikuwa ameoga.

Usiku wa kwanza walilala migongo ikitazamana. "Ulinifedhehesha pale ofisini," alisema Masele gizani.

"Najua."

"Nilikuwa nimeshapanga."

"Najua. Ndiyo maana nilikuja."

Masele alijivutia shuka, na baada ya muda pumzi yake ikawa ya mtu aliyelala.

Siku ya Alhamisi, mchana, Pelagia alikuwa anakamua dekio uani kwa zahanati. Foleni ya kliniki ya watoto ilikuwa ndefu, wanawake wengi, wamejaa hadi kwenye vivuli vya nje. Wote waligeuka kwa pamoja, naye akageuka kutazama wanachokitazama.

Masele alikuwa anaingia getini. Hakuwa na baiskeli. Alikuwa ameshika kwa mikono miwili bakuli lililofunikwa kwa sahani na kufungwa kwa kitambaa, akitembea taratibu kwa kuogopa kumwaga mchuzi, akiwapita wanawake wale wote kana kwamba ni miti. Mmoja alicheka chini kwa chini. Mwingine akamfinya.

Alifika, akaweka bakuli juu ya ukuta mfupi, akafungua kitambaa.

"Mama amesema hujala tangu asubuhi."

"Bado saa moja nimalize."

"Kula. Nitakamua mimi."

Alichukua dekio mkononi mwake, akaanza kulikamua, vibaya, maji yakimwagikia suruali. Pelagia alinawa, akaketi ukutani. Mlenda ulikuwa na chumvi nyingi. Ugali ulikuwa na madonge, na katikati unga ulikuwa bado mweupe, mkavu, haujakutana na maji.

"Ameusonga nani?"

"Mimi. Mama alinielekeza kwa mdomo, haoni vizuri." Hakuinua macho kutoka kwenye ndoo. "Umeiva?"

Pelagia alikata tonge kubwa, akalibonyeza, akalichovya, akalila lote.

"Umeiva," alisema, na akakata jingine.